Sikio na Bisibisi

Pikipiki iliingia kijiji cha Arash ikisukumwa. Aliyeisukuma ni kijana wa Dodoma, siku yake ya tano njiani, peke yake, begi limefungwa nyuma kwa mipira ya baiskeli. Alikuwa amepita Kondoa na Babati, akapanda Mbulu hadi Karatu, akateremka Mto wa Mbu. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa hiyo mtu wa magurudumu mawili anayetaka kufika Loliondo huambaa na Bonde la Ufa: Engaruka, Engaresero, kisha apande ukuta wa bonde kwenda Sale. Kutoka Sale hadi Waso siku hizi kuna lami, kilomita 49 za raha. Yeye aliiacha raha hiyo akashika njia ya Malambo na Piyaya, maana ndiko kulikokuwa na zile nyanda alizosimuliwa. Kilomita chache kabla ya Arash injini ikawa inanguruma tu, pikipiki haiendi.

Fundi alikuwa ameketi chini ya mgunga. Gereji yake haina kibao, kwa kuwa haina ukuta wa kukipigilia. Kuna turubai, kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa nati na bolti, spana zilizoviringishwa ndani ya kipande cha shuka jekundu, na layoni, mvulana ambaye bado hajawa morani, wa miaka kumi na minne hivi, anayejifunza kazi. Miguuni mzee alivaa katambuga za tairi la pikipiki, tairi ambalo pengine aliliziba pancha mara kumi kabla halijawa kiatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka stendi. Kunywa maji kwanza."

Maji yakanywewa. Ndipo likaja swali, na kwa swali lile peke yake safari ya kufika Arash ilitosha. Mzee hakuuliza pikipiki ina nini. Aliuliza, "Ilianzia wapi?"

Kwa fundi wa njia ndefu, mahali ni nusu ya jibu. Engaresero iko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake linajulikana. Ukipanda hadi nyanda za Loliondo unakaribia mita 2,000, hewa imekuwa nyepesi, na kabureta iliyozoea hewa ya bondeni huanza kumwaga mafuta kupita kiasi. Plagi inaota masizi, injini inakohoa. Chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliotapika majivu mwaka 2007 na 2008, vumbi ni laini kama unga wa muhogo na halioni shida kupenya kwenye filta. Pembeni ya Ziwa Natron kuna magadi, nayo hula maungio ya waya kimyakimya. Huku juu kuna mfinyanzi mweusi, ambao ukilowa hujikusanya chini ya madigadi hadi gurudumu ligome. Miiba ya migunga iko kote. Anayekuambia wapi amekwisha kukuonyesha ugonjwa upi uutafute mwanzo.

Kijana akaeleza kwamba ilianzia kwenye mchanga, kabla ya mlima, na kwamba mlima wote aliupanda akiwa ameishika klachi nusu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Hata hivyo hakukimbilia spana. Alipiga kiki, injini ikashika, akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka juu ya kichwa cha silinda, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akahamisha ncha: ubavuni, chini, upande wa klachi, tena juu.

Watu wengi wamewahi kuona jambo hili wakalipita. Chuma husafirisha sauti vizuri kuliko hewa, na kila kiungo ndani ya injini kina mlio wake. Valvu iliyolegea hugonga kama kucha juu ya meza. Beringi iliyokufa husaga kama mtu aliyetafuna mchanga ndani ya ugali. Pistoni iliyochakaa hupiga kwa uzito injini ikiwa baridi, kisha hutulia joto likipanda, na hapo ndipo inapowadanganya wenye haraka. Mzee alisikiliza dakika nzima, halafu akamwita layoni na kumkabidhi mpini.

"Sikia."

Mtoto akasikiliza. Akasema hasikii kitu.

"Ndiyo. Hapo pazima. Huo mlio ushike."

Ni vigumu kupata somo zuri kuliko hilo katika shule yoyote ya ufundi. Mtoto alifundishwa sauti ya uzima kabla ya sauti za magonjwa, kama vile mchungaji anavyomjua ng'ombe mwenye afya kwa mwendo wake, hata siku anapochechemea kidogo awe wa kwanza kuona.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Oili ikakingwa kwenye sufuria, ikatoka nyeusi na harufu ya kuungua. Kifuniko cha klachi kikafunguliwa, pleti zikatolewa moja moja na kupangwa juu ya turubai kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Tatu zilikuwa zimeungua kabisa. Mzee akaingiza mkono kwenye kopo jingine, lenye pleti kuukuu za injini zilizokwisha kufa, akachagua zenye nyama bado. Zile za chuma alizisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo ili zirudi kuwa tambarare. Springi zilikuwa zimechoka, na springi mpya hakuna. Chini ya kila moja akaongeza washa nyembamba, zikakaza. Mtengenezaji wa pikipiki ile hakuiandika dawa hiyo kwenye kitabu chake, ila imewafikisha wasafiri wengi nyumbani.

Sasa gasketi.

Anayefungua kifuniko cha klachi huua ile karatasi iliyokaa kati ya vyuma viwili kuzuia oili isivuje. Hutoka vipande vipande, nusu imeng'ang'ania huku, nusu kule. Gasketi mpya ingepatikana Waso kama ipo, au Karatu, au Arusha. Mzee wala hakuitaja. Alikwangua mabaki kwa kisu butu, polepole, kwa sababu aluminiamu ni laini na mkwaruzo mmoja mdomoni mwa injini ni uvujaji wa milele. Ndani akajaza kitambaa kisafi ili kisidondoke hata chembe. Kisha akamtuma mtoto dukani akaombe boksi la biskuti.

Boksi lilipoletwa alilinyanyua juu, akalitazama dhidi ya jua kama mtu anayekagua noti, akitafuta mahali lilipokunjwa. Akachagua upande usio na mkunjo. Akaulaza juu ya mdomo wa injini, akaubana kwa dole gumba la kushoto, na kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo akaanza kugonga kingo. Hakugonga kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya kuku anayedonoa mtama. Kila nyundo iliposhuka, ukingo wa chuma uliikata karatasi kutokea chini. Alianza na matundu mawili ya bolti, yanayokabiliana. Yalipotokea akapitisha bolti zenyewe ili karatasi isihame, ndipo akaendelea na mengine, akizunguka, akigeuza kiwiko badala ya kugeuza karatasi.

Hapakuwa na kipimo wala penseli, hata mkasi. Injini ilijikatia gasketi yake yenyewe, mkono wa mtu ukiisaidia tu, na kwa hiyo haikuwezekana ikose hata unywele. Kona moja ngumu, pale karatasi inapobaki na upana wa njiti ya kiberiti, mzee aliigonga akiwa ameshikilia pumzi. Kijana wa Dodoma, aliyekuwa amekasirika tangu asubuhi, alijikuta ameshikilia pumzi pia. Nusu saa ilipita. Ilipokwisha, karatasi iliinuliwa nzima, bado ina maandishi mekundu ya biskuti upande mmoja, ikapakwa oili mpaka ikalowa, ikalazwa mahali pake.

Kisha mzee akageuza boksi upande wa pili na kuanza upya. Alikata mbili.

Katika nchi hii ya Wamaasai kazi ya chuma ilikuwa na wenyewe. Ilkunono, ukoo wa wahunzi, ndio waliofua mikuki na sime, na jamii ikawategemea huku ikiwaweka kando: haikuoa kwao, na silaha iliyotoka mikononi mwao ilipakwa mafuta kwanza kabla morani hajaishika. Pikipiki ilivyokuja haikuuliza ukoo. Za kwanza kuonekana sana katika vijiji vya namna hii zilikuwa za misheni, za mabwana mifugo na za miradi, Yamaha na Honda za kupandia milima, na kijana aliyeagizwa kuzisafisha ndiye aliyeishia kuzijua. Mafundi wengi wa umri wa mzee huyu walianzia hapo, kwa kushika taa na kupokea spana. Leo mtoto wa ukoo wowote anapaka mikono oili na haoni aibu. Badiliko hilo limepita bila hotuba wala sherehe, nalo ni kubwa.

Na injini yenyewe ina ukoo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Wahandisi wake walikuwa wamejifunza kwamba katika nchi nyingi za joto na vumbi watu hawabadilishi oili kwa wakati, hawasafishi filta, wanabeba mizigo isiyobebeka. Badala ya kuwalaumu watu hao, waliunda injini ya kuwavumilia: fito za kusukuma valvu mahali pa cheni ya ndani, vipande vichache, kila kimoja kinafikika kwa spana za kawaida. Viwanda vya China viliinakili kwa mamilioni, na nakala hizo zikafurika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 2000, kiasi kwamba huku Kaskazini jina la aina mojawapo, toyo, likawa jina la pikipiki yoyote. Mwaka 2010 Tanzania ikatunga kanuni za kuipa bodaboda leseni. Kijana wa Dodoma alipanda mjukuu wa CG125 bila kujua; mzee wa Arash alijua kwa kuitazama tu injini.

Lakini uvumilivu wa injini una mpaka wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, alikwenda Somalia pamoja na Randy Mamola, mwendesha pikipiki wa mashindano kutoka Marekani. Walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa, nyingi bado mpya, kwa kukosa matunzo madogo madogo. Kutokana na jambo hilo likazaliwa shirika la Riders for Health, lililowafundisha wahudumu wa Lesotho, Zimbabwe, Gambia na kwingineko kukagua pikipiki kila siku kabla ya kuipanda: cheni, oili, breki, tairi, nati. Ni kazi ya dakika chache. Chanjo zilifika vijijini kwa sababu mtu alikuwa ameinama asubuhi akakaza nati.

Wasafiri wa zamani waliujua mpaka huo wa injini kwa machungu. Mwaka 1934 Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma, wakavuka Sahara bila dira. Injini iliwafia kusini mwa jangwa, ikabidi ijengwe upya Agadez, na mwaka uliofuata wakaingia Cape Town. Ted Simon naye aliondoka Uingereza mwaka 1973 na Triumph ya sentimita za ujazo 500, leseni yake bado mbichi, akazunguka dunia miaka minne, nchi 45, zaidi ya kilomita 100,000. Kwa watu hawa kuharibikiwa hakukuwa ajali ndani ya safari. Ndipo walipokutana na wenyeji, kwa kuwa mtu anayepita kwa kasi hupungiwa mkono tu, na aliyeketi chini kando ya injini iliyofunguliwa huletewa chai.

Arash chai ililetwa, ya maziwa mengi, na mama aliyeileta akauliza kijana ni wa nani na kwa nini wazazi wamemwacha asafiri peke yake. Ni swali la haki. Anayesafiri peke yake kwa pikipiki amejikabidhi kwa watu asiowajua, na kila fundi wa kijiji ni sehemu ya ahadi ambayo hakuna aliyeiandika: kwamba ukifika umekwama, utaondoka.

Ahadi hiyo inalegea. Mjini limeingia neno jipya, "toa-weka", na limekuwa jina la fundi mwenyewe. Pikipiki ikikohoa, kabureta nzima inatolewa, nyingine inawekwa; tundu la jeti, ambalo lingezibuliwa kwa unywele mmoja wa waya wa breki, halitazamwi. Spea zenyewe ni za bei ndogo na umri mdogo. Pleti za klachi hufika zimefungwa kwenye plastiki inayong'aa na kuungua kabla mvua moja haijapita. Mteja hulipa mara tatu kwa mwaka kile ambacho baba yake alilipia mara moja, naye anaita hayo maendeleo kwa vile kazi ilikwisha upesi.

Wala si haki kuwatupia mafundi lawama zote. Vijana wengi wa bodaboda wanaendesha kwa mkataba: kila siku hesabu ya tajiri, mpaka mwaka au zaidi upite na pikipiki iwe yao. Mwenye hesabu ya leo hawezi kumwacha mzee agonge karatasi nusu saa. Anaendesha juu ya mlio, akiongeza sauti ya redio ili asiusikie, na siku pikipiki inapokuwa mali yake imebaki mifupa. Vilevile kile kifuko cha spana kilichokuwa kikija chini ya kiti, chenye spana ya plagi na bisibisi ya kugeuzwa, leo ukifungua unakuta mswaki, vocha za zamani na vumbi. Kijana wa Dodoma alikuwa na lita moja ya oili na nguo nne za kubadilisha. Spana hakuwa nayo hata moja.

Zinakuja pia injini zisizo na kabureta, zinazopimwa kwa kompyuta, na nyuma yake pikipiki za betri. Zina faida zake: petroli kidogo, moshi kidogo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo imeweka utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, jambo linalostahili shukrani, kwa kuwa wengi walifanya kazi miaka mingi bila karatasi ya kuonyesha. Lakini injini isiyo na sauti itasikilizwa kwa nini? Na layoni aliyekwisha kuushika mlio wa uzima ataupeleka wapi?

Mzee alipofunga bolti ya mwisho alikaza kwa kuvuka, juu kisha chini, kushoto kisha kulia, kidogo kidogo, ili kifuniko kikae sawa. Oili mpya ikamiminwa. Gasketi ya pili akaiweka kati ya vipande viwili vya boksi, akaifunga kwa uzi wa katani, akamkabidhi kijana.

"Ukifunguliwa tena huko mbele, usikubali gundi tupu. Mwambie unayo."

Kijana akauliza gharama. Ikatajwa, ndogo kiasi kwamba aliuliza tena. Akalipa, akapiga kiki. Pikipiki ilipanda kimlima cha kutokea kijijini kwa gia ya kwanza, ikaingia ya pili bila kuteleza. Mzee alisimama na spana mkononi hadi aliposikia ya tatu imeshika, mbali, upande wa Waso, ndipo akaketi.

Boksi lililobaki hakulitupa. Lilikuwa na uwazi wenye umbo kamili la mdomo wa injini, na matundu ya bolti pembeni. Alichukua kipande cha mkaa, akaandika jina la pikipiki, akalitundika kwenye msumari uliopigiliwa katika shina la mgunga. Kwenye msumari huo kulikuwa na mengine mengi, ya karatasi za kila namna, saruji, sabuni, majani ya chai. Yaliyo nyuma kabisa yamekuwa ya manjano, na mkaa wake umefutika hadi majina hayasomeki tena.